Unga wa Macho ya Baba

Daktari wa macho alimwambia baba kwamba kilichoharibika hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kucheleweshwa. Ndivyo mama alivyonisimulia kwa simu kutoka Unguja, mimi nikiwa nimesimama kwenye korido ya wafanyakazi hotelini, West Bay, Doha, aproni ikiwa bado imelowa maji ya machungwa. Jicho la kulia lilikuwa limeshaingia doa katikati. La kushoto ndilo lililokuwa likifanya kazi ya yote mawili. Daktari aliandika vitamini za unga, mchanganyiko wa antioksidanti na madini, akasema kwetu zinapatikana kwa shida, na kama wana mtu nje wamwagize.

Mtu wa nje nilikuwa mimi.

Sikumbuki kama niliumia. Nakumbuka nilimwambia mama apige picha ile karatasi anitumie, kisha nikarudi kwenye meza yangu ya juisi, nikaendelea kukata machungwa nusu kwa nusu. Wageni walipita na sahani zao. Huko Doha nilikuwa nimeshajifunza kupokea habari kama nilivyopokea vyombo vichafu, kwa mikono miwili na bila kutazama kilichomo. Mwili mzima ulikuwa kama mkono ulioulalia. Ukiugusa unajua ni wako, lakini hausemi kitu.

Baba anashona kofia za viua, zile za mkono, zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kofia nzima inakuwa na hewa na maua. Hajawahi kufanya kazi nyingine. Jicho likienda, sindano inakwenda nalo, na sikuweza kumfikiria baba ameketi mikono ikiwa mitupu magotini. Nilijaribu, picha ikakataa kuja.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda duka la dawa Al Sadd. Mfamasia alikuwa Msudani wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Tulizungumza kwa Kiarabu changu cha chuoni na Kiingereza chake, lugha mbili zikisaidiana.

"Unga wa ngozi?" aliuliza, hata sijamaliza salamu.

"Wa macho."

"Macho yako mazuri tu."

"Si yangu. Ya baba."

Hapo akavaa miwani. "Samahani. Wasichana wanakuja hapa wanataka unga wa kung'arisha ngozi. Nawauzia, halafu wanarudi kunigombeza kwamba hawajawa weupe. Haya. Baba anavuta sigara?"

"Alikuwa akivuta. Zamani."

"Basi si ile yenye beta-karotini, kile kirutubisho cha karoti, ndani yake. Kwa mtu aliyevuta, ile haifai. Chukua hii. Anakunywa dawa nyingine?"

"Ya presha."

"Amwonyeshe daktari kopo lenyewe. Asimfiche kwa kudhani ni chakula."

Kopo lilikuwa jeusi, la plastiki nene, zito kuliko nilivyotarajia. Alilifungua moja la maonyesho ili nione ndani. Unga wake ulikuwa wa rangi ya machungwa yaliyopauka, laini, na juu yake kulikuwa na kijiko kidogo na kifuko cheupe cha punjepunje, kile ambacho kila mtu hukitupa. Akakigonga kwa kalamu.

"Hiki kikae humo humo, ndicho kinachonywa unyevu badala ya unga. Kijiko kiwe kikavu siku zote, wasichote kwa kijiko kilichotoka kwenye maji. Wakishachota, kifuniko kirudi. Achanganye na maji ya kawaida, si ya moto, baada ya chakula, maana tumbo likiwa tupu litamchafuka. Na akishakoroga anywe. Asiache gilasi mezani akaenda kuzungumza na watu."

"Anapenda kuzungumza na watu."

"Wote wanapenda. Kijiko kimoja kwa siku. Akizidisha haponi haraka, anaumwa tumbo tu."

Niliitikia kila neno, nikanunua makopo mawili. Nilielewa vizuri kuliko alivyodhani, kwa sababu ya matufaha. Pale hotelini tulikuwa tukikata matufaha asubuhi, na usipoyapaka ndimu yanageuka kahawia kabla mgeni wa kwanza hajashuka. Ndimu hairudishi weupe wa tufaha lililokwisha kugeuka, inazuia tu lile ambalo bado. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikipaka ndimu vipande vya matufaha, na nikawa namwona baba katika kila kipande. Hata hilo halikuniumiza. Nilipaka, nikapanga, nikaenda kuosha kisu.

Chumba changu kilikuwa Najma, juu ya duka la kushona abaya, nikikaa na dada mmoja Mkenya aliyenizidi umri. Alikuwa mhudumu katika mgahawa ule ule wa hoteli yetu, na kwa mizigo ya kwenda nyumbani hakuwa na mpinzani. Kila anayepanda ndege huko hubebeshwa vitu vya wasiopanda, na kilo hazitoshi, kwa hiyo watu hujifunza kuvua vitu maganda yake. Viatu huenda bila maboksi. Maziwa ya watoto humwagwa kutoka makopo yakatiwa kwenye mifuko, na manukato huvishwa soksi. Mama mmoja wa idara ya kufulia alikuwa anakwenda likizo Unguja, akanipa nafasi ndogo kwenye begi lake, kilo mbili na si zaidi.

Dada aliponiona nafunga makopo kwa gazeti, alishika kiuno.

"Hii nayo ni nini? Unatumia wazee plastiki? Kwani Zanzibar hakuna plastiki?"

"Dawa imo ndani, dada."

"Sasa si uimwage kwa mifuko. Hayo makopo peke yake yamekula kilo. Mama wa watu atakurudishia yote."

"Mfamasia amesema—"

"Mfamasia amewahi kubeba mzigo? Huyo anauza makopo. Maziwa tunamwaga hivi hivi, na watoto wanakua mpaka wanatutusi."

Tukamwaga. Alifanya kwa ustadi, mfuko ndani ya mfuko, hewa ikikamuliwa kwa kiganja, fundo juu ya fundo, na makopo mawili yakawa vitumba viwili vyepesi. Kwenye makopo vikabaki vijiko, vile vifuko vyeupe, na maandishi yote. Nilimtumia mama ujumbe wa sauti kwamba ni kijiko kimoja kwa siku. Sikumwambia kijiko gani, kwa sababu kijiko nilikuwa nakiona mbele yangu, na kitu ukikiona unasahau kwamba mwenzako hakioni.

Mzigo ukafika salama. Mama alishukuru sana, akasema dawa ina rangi nzuri.

Kisha zikapita wiki nyingi za kawaida. Nilikuwa nikiamka alfajiri, basi la kampuni linatuchukua, minara ya West Bay inatokea kwenye ukungu wa joto kama vitu vilivyosahauliwa mezani. Nilikuwa nikiuliza, "Baba anakunywa dawa?" Mama anajibu, "Anakunywa." Nami nikawa nalala nikijua kwamba kuna jambo moja nimelifanya.

Ijumaa moja baada ya swala mama alinipigia simu ya video, kwa furaha tu, anionyeshe pazia jipya. Nyuma yake nikasikia kitu kinatwangwa.

"Nani anatwanga saa hizi?"

"Mdogo wako. Anaivunja dawa ya baba yako. Imeshikana."

"Imeshikana vipi?"

Akageuza simu. Ndani ya kinu, kile kidogo cha iliki, kulikuwa na mabonge ya rangi ya sukari iliyoungua. Mdogo wangu aliupunga mchi kunisalimia, akaendelea.

"Mnaiweka wapi, mama?"

"Kwenye kopo la siagi, safi, nimelisuuza mwenyewe. Juu ya friji."

Juu ya friji ya kwetu ndiko kunakokaa kila kitu cha maana: dawa, rimoti, risiti za umeme, saa ya babu isiyokwenda. Ni pahala pa heshima. Pia ni pahala pa joto, mota inapumua hapo mchana na usiku, na bahari iko mtaa wa pili tu, hewa yake inalowesha hata chumvi.

"Na anainywa na nini?"

"Na chai ya asubuhi. Nimtilie kwenye maji ya baridi asubuhi, apate kifua?"

Sauti ya baba ikaja kutoka upande wa dirisha, alikokuwa ameketi na kofia yake. "Mwambie nakunywa vijiko viwili vya kujaza. Nataka lipone kabla ya kwenda kwa daktari."

"Vijiko vya chai, baba?"

"Kwani kuna vijiko gani vingine?"

Nilimsikia akicheka kidogo. Nikasema, kwa sauti iliyokuwa sawa kabisa, kwamba basi wasiinywe tena hiyo, nitatuma nyingine.

"Tumekosea?" aliuliza.

"Hapana, baba. Imeharibika tu njiani."

"Mbona uchachu wake ule ule," mama akasema.

Dada alikuwa kwenye kitanda chake, anapaka miguu mafuta, na Kiswahili cha kwetu hakikumpita. Simu ilipokatika alikaa na chupa ya mafuta mkononi.

"Ni ile mifuko?"

"Ni mifuko, ni friji, ni chai."

"Kwa hivyo ni mimi nimemaliza jicho la mzee?"

"Hapana, dada."

"Basi sema kitu. Nitukane hata. Ukinyamaza hivi unanitisha."

Sikuwa na tusi. Nilikuwa natafuta ndani yangu mahali ambapo hasira hukaa, na mahali pale palikuwa pamefagiliwa. Nikamwambia nakwenda kuoga. Nikaoga kwa muda mrefu, maji ya bomba yakiwa ya moto yenyewe kama yanavyokuwa Doha majira yale, hata ukifungua la baridi.

Kwa mfamasia nilikwenda tena. Nilimweleza yote kwa utaratibu, mfuko, friji, chai, mchi. Nilipofika kwenye mchi alivua miwani.

"Waliitwanga?"

"Kwenye kinu cha iliki."

"Subhanallah." Hakucheka. "Ukigeuka rangi hivyo ujue umeshachoka, na nguvu yake haijulikani tena. Utupwe. Umesema joto linatoka juu ya friji. Ni kweli, watu wote wanaweka dawa pale, hata mama yangu."

"Na ndani ya friji?"

"Kopo lililokwisha kufunguliwa, hapana. Kila likitoka kwenye baridi linafanya jasho, na jasho linaingia ndani. Kabati la chumbani linatosha, mbali na dirisha, mbali na jiko, na si bafuni." Akainama chini ya kaunta, akatoa boksi bapa. "Lakini kwa nyumba ya watu wa bahari, chukua hizi. Unga ule ule, pakiti ndogo ndogo, kila moja ni ya siku moja na imefungwa peke yake. Anakata, anamimina, anakoroga, anakunywa. Hakuna kijiko cha kubishania."

Nilimuuliza kwa nini hakunionyesha hizo mara ya kwanza.

"Hukuniambia kwamba zinasafiri," akasema. "Nilidhani baba yuko hapa."

Mara hii hapakuwa na mtu wa kwenda Unguja isipokuwa dereva mmoja Mpemba, anayeendesha gari la familia moja, mtu mzima ambaye sote tulimwita ami. Tulikutana alasiri kwenye kibanda cha chai ya maziwa, Najma, gari la waajiri wake limeegeshwa nje likichomwa na jua.

"Ami, nina mzigo mdogo."

"Mdogo wa kweli? Ninyi mkisema mdogo huwa ni friji."

"Dawa ya macho ya baba. Ya unga."

Akakiweka kikombe chini. "Unga."

"Vitamini, ami."

"Mimi najua ni vitamini, na wewe unajua ni vitamini. Yule wa uwanja wa ndege na mbwa wake atajuaje? Umeufunga kwenye nini?"

"Mara ya kwanza ulikwenda kwenye mifuko ya nailoni."

"Nailoni. Na yule mama akapita nao?"

"Akapita."

"Basi huyo ana radhi za wazazi wake wote wawili. Mimi nina za mmoja tu."

Nikalitoa boksi, likiwa limefungwa kama lilivyotoka dukani, maandishi yake yote juu. Akaligeuza huku na huku, akasoma kwa mdomo bila sauti, akalitikisa karibu na sikio.

"Hili sawa. Lakini lisifunguliwe. Ukilifungua ukachomeka hata barua, mimi silijui boksi na wewe sikujui." Akasimama. "Nitalitia kwenye buti mpaka siku ya safari."

"Si kwenye gari, ami. Joto litaliua."

"Sasa nilale nalo? Mke wangu asikie nalala na boksi la msichana wa Unguja?"

"Kabatini tu, ami. Mahali pakavu."

"Sikilizeni huyu," akawaambia waliokaa meza ya jirani, ambao hawakujua Kiswahili. "Bosi ana masharti, mke wa bosi ana masharti, sasa na unga nao una masharti." Lakini alilifunga kwenye kilemba chake, akaondoka nalo mkononi kama mtu aliyebeba mkate wa moto.

Kwa mama nilituma ujumbe wa sauti mrefu, nikizungumza polepole kama ninavyozungumza na wageni wasiojua Kiingereza. Nilimtajia kabati, na maji ya mtungi ambayo ni ya baridi ya wastani na hayampi mtu kifua. Nikamwambia ampe baada ya chakula cha mchana, pakiti moja, ikatwe wakati wa kunywa na si kabla, na asimame karibu yake mpaka amalize gilasi. Mama aliusikiliza, nadhani mara nyingi, kwa sababu baadaye alinirudishia maneno yangu kwa mpangilio ule ule, hata mahali nilipokohoa. Akaanza kuifanya kazi ile kama ibada. Mdogo wangu aliniambia kwamba jirani akija kupiga hodi saa ya dawa anaambiwa asubiri nje, mzee yuko na gilasi.

Nilitamani kuona fahari kidogo. Niliona tu kwamba jambo limekaa mahali pake.

Siku ya daktari nilikuwa zamu ya asubuhi. Mama alipiga wakati tunakula, kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, sahani ya biriani mbele yangu. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani wa mbali. Jicho la kushoto nalo limeanza doa katikati, dogo, lakini lipo. Alimuuliza daktari kuhusu ule unga ulioungua, kama ndio sababu. Daktari akasema hilo hakuna anayeweza kulijua. Wapo wanaokunywa vizuri tangu siku ya kwanza na bado macho yanakwenda, na wapo ambao hukaa nayo miaka. Pakiti aendelee nazo. Zinasaidia kuchelewesha kwa baadhi ya watu, si kwa wote.

"Umenisikia?" mama akauliza.

"Nimesikia. Alhamdulillah."

"Alhamdulillah."

Nilimaliza biriani. Ilikuwa na chumvi nyingi, hilo ndilo ninalolikumbuka vizuri zaidi katika siku ile.

Kisha mama akampa baba simu, jambo ambalo si la kawaida, maana baba hapendi simu. Kwake simu ni kitu cha kusalimia na kurudisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nakula, baba."

"Likizo yako lini?"

"Mwezi wa saba, inshallah."

"Mwezi wa saba," akasema. Nikasikia pikipiki ikipita nje ya dirisha lake, na mtu akiuza maji. "Mbali huo. Kwa jicho."

Hakuniambia njoo. Baba hajawahi kuniambia njoo wala nenda. Hata siku naondoka aliniambia tu nishike mlango taratibu, bawaba mbovu. Akamrudishia mama simu, mama akaniuliza kama huko kuna joto, nikasema lipo.

Jioni nilimwambia dada, kwa sababu aliuliza. Alikuwa anapasi shati lake la kazi juu ya taulo sakafuni. Nilimwambia yote mawili, la daktari na la mwezi wa saba, kwa maneno machache kama yalivyokuwa.

"Umemwambia supavaiza?"

"Ratiba ya likizo imeshapangwa. Hawezi kuwaacha wawili waondoke pamoja."

"Mimi ndio naenda mwezi ujao."

"Najua."

"Unajua. Sasa unangoja nini? Uliza."

"Siwezi kukuuliza jambo kama hilo, dada. Mama yako anakusubiri."

Akaisimamisha pasi. "Nyinyi watu wa pwani mtakufa na adabu zenu. Mtu nyumba inamwungulia anangoja akaribishwe kuzima."

Nikavua viatu vyangu vya kazi, nikavipanga mlangoni.

"Mamangu nitampigia," akasema, akirudi kwenye kola ya shati. "Atanitusi vizuri, atamaliza, ataniuliza kama nitamletea blanketi. Macho yake yako sawa. Huyo anaona hata yasiyomhusu." Alipasi kola ile mara mbili. "Chukua huo mwezi. Na usinishukuru, nitalia, na leo nimechoka."

Sikumshukuru. Nilisogea nikashika upande wa pili wa taulo lisikunjamane, tukamaliza mashati yake, kisha yangu. Asubuhi tulikwenda wote wawili kwa supavaiza. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza kama tuna hakika, akabadilisha kwenye kompyuta yake, na ikawa imekwisha. Nilidhani kitu kitaamka ndani yangu. Nilirudi kwenye machungwa.

Hata kwenye ndege hakikuamka. Watu walipiga makofi ndege ilipogusa ardhi, nami nikapiga kidogo.

Nilifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Mlango ulikuwa wazi, mama yuko uani na maji yanamwagika, hakunisikia. Baba alikuwa chumba cha mbele, ameketi pale dirishani, mwanga wote umemwangukia mapajani. Nikabaki mlangoni, jua likiwa nyuma yangu.

"Nani?"

"Mimi, baba. Shikamoo."

Akainua uso, akaniangalia moja kwa moja, hasa hasa usoni kwangu, na macho yake yalikuwa yale yale, mazuri, ya kahawia, na nikaona kwamba hayajanipata. Yalipita mahali nilipo kama mtu anayepita mlango wa nyumba anayoitafuta. Kisha akaugeuza uso wake, akanipa shavu, akautazama ukuta. Nikadhani amekasirika kwamba nimekuja bila kusema. Nikaanza kufikiria neno la kuomba radhi.

Mama alikuwa ameshatokea nyuma, mikono ina povu. Hakunikumbatia kwanza. Akaweka kidole mdomoni kwake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hajakasirika. Katikati hapaoni sasa. Anakutafuta kwa pembeni."

Baba alizungusha kichwa polepole, kidogo, akakirudisha kidogo, kwa subira ile ile niliyoiona maisha yangu yote akitafuta tundu la sindano. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, kwenye kalenda, na mtu angeingia wakati ule angedhani tumegombana. Kisha kichwa kikatulia.

"Hapo," akasema. "Umekonda."

Nikapiga hatua nikaushike mkono wake niubusu, na kifua changu kilikuwa kimeanza kuuma, mahali padogo tu, upande wa kushoto, kama damu inapoanza kurudi kwenye mkono ulioulalia.

"Usisogee," baba akasema. "Simama hapo hapo."

Nikasimama, begi bado liko begani, jua mgongoni, nikijitahidi hata kupumua nisitikisike.